Kwa nini mchicha hudumaa kando ya artemisia

Nyuma ya nyumba ya shangazi yangu huko Kisesa, nje kidogo ya jiji la Mwanza, kuna tuta la mchicha ambalo limenikaa akilini kwa misimu miwili. Ni tuta la hatua kumi hivi. Ukianzia upande wa kisima, mchicha ni wa kuuza: majani mapana, shina laini linalokatika kwa ukucha. Ukiufuata kuelekea upande wa pili, kwenye mstari wa artemisia, mmea mchungu wa dawa, kimo kinashuka kidogo kidogo kama ngazi. Ikibaki hatua moja kuzifikia artemisia zenyewe, hakuna mchicha wa kuuita mchicha. Kuna vijiti vyenye majani mawili matatu ya manjano, na kati ya kijiti na kijiti kuna mapengo ambako mbegu zilimwagwa na hazikuota.

Shangazi alikuwa na maelezo yake. "Huyu uchungu wake hauko kwenye majani tu, mwanangu. Unashuka mpaka chini. Hataki jirani."

Nilimbishia. Nikamwambia ni kivuli, ni maji, ni samadi ambayo haikufika mwisho wa tuta. Baadaye niligundua kwamba kila mmoja wetu alikuwa ameshika kipande cha ukweli, na kwamba swali la nani ameshika kipande kikubwa limewagombanisha wataalamu wa mimea kwa miaka mingi.

Mwaka 1937 mtaalamu wa mimea wa Austria, Hans Molisch, aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki, moja lenye maana ya "mmoja kwa mwenzake" na jingine lenye maana ya kuathirika au kuumia, akapata jina la jambo ambalo wakulima walikuwa wakiliona tangu kale: alelopathi. Maana yake ni mmea kuathiri mmea mwingine kwa kemikali unazozitoa. Molisch hakumaanisha madhara peke yake. Alihesabu pia kemikali zinazomsaidia jirani. Sehemu hiyo ya maana husahaulika, nami nitairudia mbele, kwa sababu huku Kanda ya Ziwa ndiyo yenye faida kubwa zaidi.

Miaka mitatu baada ya Molisch, mwaka 1940, mtafiti wa Kijerumani aitwaye Bode alichapisha majaribio yake juu ya pakanga ya Ulaya. Pakanga, neno ambalo wengi wetu tulilisikia kanisani kabla ya kuuona mmea wenyewe, ni ndugu wa damu wa artemisia ya shangazi. Bode aliona mimea iliyokuwa kandokando ya ua wa pakanga ikidumaa, na akaonyesha kwamba mvua huosha kitu kichungu, absinthini, kutoka kwenye vinyweleo vya majani na kukishusha udongoni. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka shangazi na kauli yake kwamba uchungu unashuka.

Artemisia anayoilima ni ile ya mwaka mmoja, yenye majani yaliyochanikachanika kama ya karoti na harufu inayobaki mkononi hata baada ya kunawa. Asili yake ni China. Mbegu ya kawaida ya huko ikiletwa huku kwetu hutoa maua ingali fupi, kwa sababu mmea huu husubiri siku ziwe fupi ndipo uchanue, na Mwanza, iliyo digrii mbili na nusu kusini mwa ikweta, ina siku za saa kumi na mbili karibu mwaka mzima. Ndiyo maana zinazolimwa nchi za joto ni mbegu chotara zinazochelewa kuchanua. Za shangazi zinampita kimo.

Hapa lazima niseme jambo moja kabla sijaendelea. Shangazi hunywa chai ya majani hayo, na majirani huja kuomba. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu wala kuzuia malaria kwa chai au unga wa artemisia, kwa sababu kiasi cha dawa ndani ya majani hubadilika kutoka mmea hadi mmea, na dozi pungufu huwaacha vimelea hai na kuwafundisha kuizoea dawa. Homa ni ya kupimwa, na malaria ikionekana tiba yake ni dawa mseto kwa dozi kamili. Hilo nimemwambia shangazi pia, tena zaidi ya mara moja.

Dawa mseto yenyewe imetokana na mmea huohuo. Kemikali inayohusika inaitwa artemisinini, nayo ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kundi la watafiti wa China lililoongozwa na Tu Youyou, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Kilichomfungulia njia ni maandishi ya tiba ya karne ya nne, ambayo yalisema majani yalowekwe majini na kukamuliwa. Kuchemsha hakukutajwa. Tu aliona kwamba joto lilikuwa likiharibu dawa, akabadili njia na kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo. Ndipo dawa ikapatikana.

Mkulima wa mchicha ana sababu ya kuijali historia hiyo, kwa kuwa ndani yake mna fumbo. Artemisinini haipendi maji. Huyeyuka vizuri kwenye etha na vimiminika vya aina hiyo, lakini ndani ya maji huyeyuka kwa shida sana. Sasa ikiwa haiyeyuki majini, mvua inaibebaje hadi kwenye mizizi ya mchicha?

Tuanze na mahali inapohifadhiwa. Ukilitazama jani la artemisia kwa kioo cha kukuzia utaona vifuko vidogo vinavyong'aa vimesimama juu ya ngozi ya jani. Hivyo ndivyo viwanda, na ndiyo ghala pia. Mmea huiweka artemisinini nje ya seli zake hai, kama mtu anayeweka sumu ya panya nje ya jiko, kwa sababu ikisambaa ndani ya seli ingeudhuru wenyewe. Kwenye mizizi haipatikani kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo anayedhani artemisia "inatema" artemisinini kwa mizizi amekosea njia. Inapita juu: vifuko hupasuka, majani hukauka na kuanguka, mvua huyasukuma, nayo huozea pale yalipoangukia. Artemisinini hufika udongoni ikiwa ndani ya jani lililokufa, na hutoka humo polepole.

Inafanya nini ikifika? Mwaka 1987 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuijaribu artemisinini safi kwenye miche michanga, na wakaiita sumu ya mimea yenye kuchagua, yaani haiumizi mimea yote kwa kiwango kimoja. Mzizi wa saladi ulishindwa kurefuka, na seli za ncha yake zilionekana zikigawanyika ovyo. Mgagani, mchicha na mimea mingine yenye mbegu kama chembe za vumbi huanza maisha na akiba ndogo sana. Mbegu ya mahindi ina ghala la wanga la kuitosha siku kadhaa. Mbegu ya mchicha haina budi kupeleka mzizi chini haraka ianze kujitegemea. Ukiuchelewesha mzizi huo kwa siku tatu, jua la Kisesa litamaliza kazi iliyobaki. Ndiyo sababu mapengo kwenye tuta la shangazi yalinishughulisha kuliko vile vijiti vya manjano. Pengo ni mbegu iliyoshindwa kuanza.

Ndani ya mwili wa binadamu, artemisinini hufanya kazi kwa sababu ya daraja la oksijeni mbili lililofungwa katikati ya molekuli yake. Kimelea cha malaria hula himoglobini ya damu yetu na kujikuta na madini ya chuma tele. Chuma hicho hulivunja daraja, na vipande vinavyoruka huunguza kila kilicho karibu ndani ya kimelea. Mmea haukuunda daraja hilo kwa ajili yetu. Hauna homa, haumjui mbu. Una wadudu wanaoutafuna, kuvu wanaouozesha, na mimea inayougombania jua na maji. Tiba tuliyoipata ni silaha tuliyoiokota kwenye vita ya watu wengine, na nafikiri tungelikumbuka hilo tusingeshangaa kwamba mitishamba mingi mikali ni majirani wagumu.

Sasa turudi kwenye fumbo, kwa kuwa halijaisha. Mwaka 1997 watafiti wengine wa Marekani walichukua majani ya artemisia, wakayachanganya na udongo, wakalinganisha athari yake na ya artemisinini peke yake. Waliona kwamba artemisinini haikutosha kueleza madhara yote. Kulikuwa na vitu vingine. Na hili linaingia akilini: jani la artemisia lina asidi za jamii ya fenoli zinazoyeyuka majini bila taabu, lina kafuri, lina sineoli, ile harufu inayopanda puani mtu akijifukiza kwa majani ya mkaratusi. Hizi mbili za mwisho huweza kupaa hewani na kutua kwenye udongo mkavu. Kwa hiyo mvua ya kwanza ya vuli inapoyapiga majani ya artemisia, haibebi sumu moja. Inabeba supu. Kila kitu ndani yake kinaweza kuwa kidogo mno kudhuru, lakini vikikutana vinadhuru, na wakati mwingine, kwa kiasi kidogo sana, supu hiyohiyo humchangamsha jirani badala ya kumdumaza.

Halafu kuna udongo, ambao watu wengi huuruka wanapoeleza jambo hili. Wasukuma wana majina ya udongo yanayosema mengi kuliko ramani. Juu ya miinuko, karibu na yale majabali yetu, kuna luseni, mchanga wa rangi hafifu unaopitisha maji upesi. Chini kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Supu ya artemisia ikianguka kwenye luseni, hakuna wa kuishika. Hufika kwenye mizizi mara moja, ikiwa kali, lakini mvua mbili tatu zikinyesha imeshapitilizwa chini. Ikianguka kwenye mbuga, sehemu kubwa hunasa kwenye chembe za mfinyanzi na mboji, mzizi wa mchicha unaipata kidogo kidogo, na bakteria wanaipata pia. Bakteria hao hula kemikali za mimea kama sisi tunavyokula ugali. Penye joto na unyevu huzimaliza baada ya siku au wiki kadhaa.

Muda, basi, ni nusu ya hadithi. Mfano ninaoupenda ni alizeti pori, ile yenye maua ya manjano inayopanga foleni kandokando ya barabara nyingi za Kanda ya Ziwa. Ni dawa ya kienyeji ya tumbo na homa, chungu kama shubiri, na kemikali zake za uchungu zimeonekana kuzuia kuota kwa mbegu za mimea mingine. Lakini majani yake makavu yana nitrojeni ya karibu asilimia 3.5 na potasiamu ya karibu asilimia 4, na wakulima wa magharibi mwa Kenya, upande mwingine wa ziwa letu, huyakata na kuyafukia shambani kama mbolea. Ni mmea uleule na jani lilelile. Ukipanda mbegu ndogo siku ileile uliyoyafukia, umezitia katika sumu. Ukisubiri yaoze, umezipa chakula.

Tena kemikali haina lazima ya kumgusa jirani moja kwa moja. Mashudu ya mbegu za mwarobaini huwapunguza kasi bakteria wanaoigeuza nitrojeni ya amonia kuwa naitreti. Naitreti ndiyo inayochuruzika na mvua kwa urahisi, kwa hiyo bakteria hao wakipungua kasi, mbolea inakaa shambani muda mrefu zaidi. India waliitegemea tabia hiyo kiasi kwamba mwaka 2015 waliagiza mbolea yote ya urea inayotengenezwa nchini humo ipakwe mafuta ya mwarobaini. Hapo mmea wa dawa umebadili maisha ya mpunga ambao hata haujaugusa. Umepitia kwa bakteria.

Kufikia hapa mtu angeweza kusema shangazi ameshinda kesi. Hata mimi nilitaka kusema hivyo. Kilichonizuia ni habari ya Kalifonia.

Huko, kwenye vilima vikavu, kuna vichaka vya seji, mmea mwingine wa dawa wenye kafuri na sineoli. Kuzunguka kila kichaka kulikuwa na ardhi tupu ya upana wa mita moja au mbili, kisha nyasi zikaanza ghafla. Mwaka 1964 Cornelius Muller na wenzake walieleza kwamba mvuke wa kichaka ndio unaoua mbegu za nyasi. Maelezo yalikuwa mazuri, picha zilikuwa nzuri, na watu wengi waliyakubali. Mwaka 1970 Bruce Bartholomew akaenda na jambo rahisi: aliweka uzio wa waya kwenye ile ardhi tupu ili wanyama wadogo wasiingie. Nyasi zikaota ndani ya uzio, palepale karibu na kichaka. Panya na sungura walikuwa wakijificha kichakani na kula kila kilichoota karibu na mlango wao, wakiogopa kwenda mbali kwa ajili ya mwewe. Haimaanishi kwamba kemikali ya seji ni uongo. Maabara inaonyesha inadhuru. Ina maana kwamba kudhuru ndani ya bakuli la maabara na kudhuru shambani ni mambo mawili.

Kwa hiyo vuli iliyofuata nilimwomba shangazi anigawie tuta. Alinipa, kwa sharti kwamba mchicha utakaopatikana ni wake.

Tuligawa vipande. Kimoja kilibaki vilevile, jirani na artemisia. Cha pili kilikuwa jirani vilevile, lakini tulizika kipande cha bati la zamani kwenda chini futi moja na nusu, ili mizizi ya artemisia isivuke, na tukawa tunaokota majani yaliyoanguka. Cha tatu kilikuwa mbali, upande wa kisima, tukakijengea kivuli cha kiroba kwa vijiti. Cha nne kilikuwa mbali na kwenye jua, ila tulichanganya udongo wake na majani makavu ya artemisia, debe moja. Cha tano, upande wa kisima, tulikiacha kama kilivyo ili tuwe na cha kulinganisha.

Jibu la kwanza lilitoka kwenye kivuli, nalo lilikuwa wazi. Mchicha wa chini ya kiroba ulirefuka. Ulikuwa mwembamba, umepauka, umeinama kulitafuta jua, lakini haukuwa mfupi. Mmea ulionyimwa mwanga hukimbia kwenda juu. Mchicha wa jirani na artemisia ulikuwa mfupi, na tulipoung'oa mzizi wake ulikuwa mfupi pia. Kwa hiyo hoja yangu ya kivuli ikaanguka.

Hoja yangu ya maji na samadi haikuanguka. Nyuma ya bati mchicha ulikua karibu sawa na ule wa kisimani. Artemisia iliyozidi kimo cha mtu ina mizizi inayotembea, na inakunywa. Nikiri kwamba bati liliondoa mambo mawili kwa pamoja, mizizi na majani yaliyoanguka kwa kuwa tuliyaokota, na hilo lilikuwa kosa la kupanga. Jaribio bora lingeyatenganisha.

Kile kipande cha debe la majani kilinyamaza. Siku ambazo vipande vingine vilikuwa vimeshakuwa kijani, chenyewe kilikuwa na mche hapa, mche pale, kama kichwa cha mtu anayeota upara. Shangazi alinitazama bila kusema neno. Lakini kuna mtego hapo pia, na niliujua kwa kuwa nilikuwa nimesoma: majani makavu yoyote yakichanganywa na udongo, bakteria wanaoyaozesha huikomba nitrojeni iliyopo, na mimea hubaki na njaa. Kwa hiyo tulifanya kipande cha sita, debe moja la nyasi kavu badala ya artemisia. Mchicha wake uliota wote, kisha ukawa wa manjano. Tofauti hiyo ndiyo niliyokuwa nikiitafuta. Njaa ya nitrojeni huja baada ya kuota. Kilichozuia kuota kwenye majani ya artemisia kilikuwa kitu kingine.

Ni tuta moja na msimu mmoja, na mtu wa sayansi angedai marudio mengi na mizani. Wataalamu huongeza pia mkaa maalumu wa kiwandani wenye vitundu vingi, ambao hunasa kemikali za aina hii udongoni. Mimea ikipona baada ya mkaa, tuhuma dhidi ya kemikali inazidi kuwa nzito. Sisi hatukuwa nao. Ninachoweza kusema kwa tuta la Kisesa ni kwamba vijiti vya manjano vilitokana zaidi na mizizi yenye kiu, na mapengo yalitokana zaidi na majani yaliyoanguka. Jirani alikuwa anaonewa mara mbili kwa njia mbili.

Niliahidi kurudi kwenye upande wa pili wa maana ya Molisch, na hapa naomba msomaji atoke nami bustanini aende kwenye shamba la mtama.

Kiduha, gugu lenye maua mazuri ya zambarau, ni mwizi. Halina haja ya kutafuta chakula chake; hujichomeka kwenye mzizi wa mtama au mahindi na kunyonya. Mmea mmoja wa kiduha unaweza kutoa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri. Hazioti ovyo, kwa kuwa mbegu ya ukubwa huo ikiota mbali na mzizi wa kunyonya hufa ndani ya siku chache. Zinasubiri kemikali. Mzizi wa mtama unapokua hutoa kiasi kidogo mno cha vitu vinavyoitwa strigolaktoni, na kiduha kikivinusa kinajua kwamba chakula kimefika.

Kwa nini mtama ujisaliti hivyo? Jibu lilichelewa kupatikana. Strigolaktoni ya kwanza ilitengwa mwaka 1966, na haikutoka kwenye mtama. Ilitoka kwenye mizizi ya pamba, zao ambalo kiduha hakiwezi kulinyonya. Ilipofika mwaka 2005 ndipo ikaonyeshwa kwamba kemikali hizo ni mwito kwa kuvu rafiki wa mizizi, wale wanaouletea mmea fosforasi. Mtama unamwita rafiki, na mwizi amejifunza kusikiliza. Mwaka 2008 ikabainika kwamba ni homoni pia, inayoamua mmea uwe na matawi mangapi. Ishara moja ina kazi tatu, na anayeisikia ndiye anayeamua kama ni baraka au balaa.

Kwa wakulima wa Magu, Kwimba na Misungwi habari ya pamba ina uzito wake. Pamba inapoita, kiduha kinaota, kinatafuta mzizi wa kunyonya, hakiupati, kinakufa. Shamba lililolimwa pamba msimu huu hupunguza akiba ya mbegu za kiduha kabla mtama haujarudi. Haliimalizi, kwa kuwa akiba ni kubwa mno, lakini linaila.

Ng'ambo ya ziwa, Mbita, upande wa Kenya, kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE kilikuta jambo la ajabu zaidi. Zeyaur Khan na wenzake, wakishirikiana na kituo cha Rothamsted cha Uingereza, walikuwa wakitafuta njia ya kufukuza viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi. Walipanda desmodiamu, jamii ya kunde itambaayo, katikati ya mistari ya mahindi, na matete pembezoni. Viwavi walipungua, lakini jambo lililowashangaza lilikuwa kiduha: kilikaribia kutoweka. Mizizi ya desmodiamu hutoa kemikali za makundi mawili. Kundi moja huamsha mbegu za kiduha, jingine huzuia mzizi mchanga wa kiduha usirefuke ufike kwenye mahindi. Mbegu inaamshwa, kisha inafungiwa njia. Mahindi yanasimama hapohapo katikati, hayadhuriki, na yanapata nitrojeni ambayo desmodiamu imeikamata hewani, na ng'ombe wanapata malisho. Nguvu ileile iliyotoboa mapengo kwenye tuta la shangazi hapa inalinda chakula cha familia nzima, kwa sababu mtu alijua nani awekwe kando ya nani.

Shangazi hajazing'oa artemisia. Amezihamishia kwenye pembe ya kiwanja, ng'ambo ya njia ya kwenda kisimani, ambako ardhi ni jabali tupu lenye udongo wa kiganja kimoja na hakuna aliyekuwa akipanda kitu. Majani yake makavu hayatupwi tena kwenye tuta; kuna shimo chini ya migomba, na humo yanakaa hadi yasinuke tena. Hiyo ndiyo kanuni yake, pua. Jani likiwa bado linanuka, halijaiva kuwa mbolea. Nilijaribu kumweleza kuhusu bakteria na nusu ya maisha ya kemikali, yaani muda ambao kemikali hupungua kwa nusu, akanisikiliza kwa subira, kisha akachota konzi ya mboji kutoka shimoni, akainusa, akanipa na mimi ninuse. Ilikuwa na harufu ya udongo wa mvua. Tukamwaga mbegu za mchicha siku hiyohiyo.